Sheria ya Kulinda Hazina Ilivyogeuka Silaha

Tunaposikia kwamba serikali ya Marekani imefunga ofisi zake kwa kuwa vyama havikupatana juu ya bajeti, twaweza kudhani kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mwanzo. Historia yatufundisha vingine.

Katiba yao yakataza fedha kutolewa katika hazina pasipo sheria ya bunge. Sheria za mwaka 1870 na 1884 zikaongeza kwamba idara zisitumie zaidi ya zilichopangiwa, wala zisipokee kazi ya bure. Nia ilikuwa kulinda mali ya wananchi. Kwa miaka mingi bajeti ilipochelewa, idara zilipunguza matumizi na kuendelea na kazi, zikitumaini kwamba bunge lingelipa baadaye.

Mwezi wa Aprili 1980, mwanasheria mkuu wa serikali, Benjamin Civiletti, alimwandikia Rais Carter kwamba sheria haikuruhusu tumaini hilo: fedha zikikoma, kazi nayo ikome. Mwaka 1981 alifafanua kwamba kazi za kulinda uhai na mali zaweza kuendelea.

Tangu hapo, kuchelewesha bajeti kukawa njia ya kumshurutisha mpinzani. Mwaka 1995 Rais Clinton na Spika Newt Gingrich walishindana juu ya matumizi ya serikali. Ofisi zikafungwa mara mbili, mara ya pili kwa siku 21. Tarehe 22 Desemba 2018 zikafungwa tena kwa sababu ya ukuta ambao Rais Trump alitaka kuujenga mpakani. Siku 35 zikapita. Wafanyakazi wapatao 800,000 hawakupata mshahara kwa wakati. Wengi wao waliendelea kufika kazini. Ofisi zilifunguliwa bila fedha za ukuta. Waajiriwa wa serikali walilipwa malimbikizo yao, lakini wafagizi na wapishi wengi walioajiriwa na makampuni yenye mikataba na serikali hawakulipwa siku zile.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 126, yamruhusu Rais wa Jamhuri kuanza kuitumia bajeti iliyowasilishwa kwa wakati, bunge lisipoipigia kura mapema. Marekani haina mlango wa namna hiyo.

Basi tujifunze kuiuliza kila sheria, hata iliyo njema: watu wasipotaka kupatana, ni nani atakayelala njaa kwanza? Mwaka 2019 hakuwa Rais, wala mbunge; alikuwa mfagizi.