KIMBUNGA CHA UNGUJA CHA MWAKA 1872, NA MAFUNDISHO YAKE KWETU WAFUGAJI



Yamkini msomaji wa Hadado atauliza: sisi tulio bara kavu, mbali na pwani, tuna haja gani na habari za tufani ya baharini? Jawabu ni kwamba Bahari ya Hindi iliyozaa kimbunga kile ndiyo ituleteayo mvua, na gharika pia. Tena hasara iliyowapata watu wa Unguja yafanana na iliyotupata sisi.

Kimbunga huzaliwa juu ya maji ya bahari yenye joto la digrii 26 au zaidi. Mvuke hupanda na kugeuka mawingu, na katika kugeuka huko hutoa joto linaloinua hewa zaidi. Hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi, na mzunguko wa dunia huipinda hata ikazunguka kama pia. Katikati pana utulivu. Mtu hudhani tufani imekwisha, kumbe upepo utarudi kwa upande wa pili. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni dhaifu mno, ndiyo sababu vimbunga havitufikii. Kaskazini yetu hufika, kama Kimbunga Gati kilichoipiga pwani ya Puntland mwezi wa Novemba 2020. Unguja, iliyo digrii 6 kusini, huvipata kwa nadra sana.

Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kilifika. Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika utawala. Merikebu zake zilizokuwa bandarini ziliangamia, nyumba zilibomoka, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa. Mnazi na mkarafuu si mtama, upandwao na kuvunwa mwaka ule ule. Mkarafuu hutaka miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Basi upepo wa siku moja ulichukua mavuno ya miaka mingi.

Pemba ilisalimika. Bei ya karafuu ilipopanda, wenye mali walielekea huko kupanda mashamba mapya, na tangu hapo Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Lakini kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Ingawa Sultani alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini tarehe 5 Juni 1873, watu waliendelea kuvushwa kwa siri kwenda Pemba. Hivyo mzigo wa hasara ya matajiri uliwaelemea wale wasiokuwa na kitu.

Sasa tutazame kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1997 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na mvua ikanyesha Garissa na Wajir kwa miezi mfululizo. Hapakuwa na kimbunga, lakini mifugo ilikufa na njia zilikatika. Mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala ardhini yakaanguliwa majini, nayo Homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Mwaka 1998 Saudi Arabia ilizuia mifugo kutoka nchi za Pembe ya Afrika, na soko likafungwa kwa wengi. Homa hiyo ilirudi Garissa mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua nyingine kubwa.

Kundi la mbuzi ni kama shamba la karafuu: hupotea kwa juma moja, na hurudi kwa miaka. Watu wa mwaka 1872 hawakupata onyo. Sisi twalipata, kwani joto la bahari hupimwa na Idara ya Hali ya Hewa hutangaza matarajio ya mvua mapema. Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. Kwanza, mifugo ichanjwe kabla ya mafuriko, wala si baada ya mbu kuenea. Pili, mnyama mgonjwa asichinjwe wala kuliwa, hata njaa ikibisha hodi. Tatu, akiba ya chama iwekwe wakati wa neema, na itolewe kwanza kwa mjane na kwa asiye na ngamia, ili mzigo usiwaangukie wanyonge kama ulivyowaangukia wale wa Pemba.