Mambo yanayochangia wanawake kuota ndevu

MWANAMKE anayeota nywele nzito kidevuni, kifuani au chini ya kitovu, mahali zinapoota kwa wanaume, mara nyingi hukimbilia wembe kabla ya daktari. Awe Kitale au Bungoma, hujifunika leso na kunyamaza, akihofia kusemwa sokoni au kwa wakwe. Hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa hirsutizimu, huwapata takriban wanawake watano hadi kumi kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa.

Kiini chake ni homoni za androjeni, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo. Zinapozidi, au ngozi inapoziitikia kupita kiasi, vinyweleo laini hugeuka kuwa nywele nene.

Chanzo kikuu ni ugonjwa wa homoni ujulikanao kama PCOS. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wa umri huo, na hadi asilimia 70 ya walio nao hawajui. Ugonjwa huu pia huvuruga hedhi, huleta chunusi na huzuia mimba. Hivyo anayelaumiwa kwa kutozaa huenda anaficha kidevuni dalili ambayo ingemsaidia daktari kutambua tatizo. Unene huongeza hatari, kwani insulini ikizidi mwilini huchochea ovari kutoa androjeni zaidi. Hata hivyo, wembamba nao hawajasalimika.

Aliye na mama au dada mwenye hali hii yumo hatarini zaidi. Dawa kama danazoli na testosteroni huchangia, na krimu za kujichubua zenye steroidi huweza kuotesha nywele usoni. Ajabu ni kwamba hununuliwa ili kutafuta urembo.

Nywele zikienea kwa miezi michache tu, sauti ikawa nzito au upara ukaanza, huenda kuna uvimbe kwenye ovari au tezi zilizo juu ya figo. Huyo asikawie kufika katika hospitali za rufaa za kaunti zilizoko Kitale na Bungoma, au ile ya Moi mjini Eldoret.

Kunyoa hakuzidishi nywele, kinyume na wengi wanavyoamini. Tembe za kurekebisha homoni huchukua karibu miezi sita kuonyesha matokeo, na baadhi, kama spironolaktoni, hazifai kwa wajawazito.