Ngumi na Mieleka: Ndugu Waliotenganishwa

Mwaka 2012 Odette Ntahonvukiye aliiwakilisha Burundi katika judo kwenye Michezo ya Olimpiki mjini London; mwaka 2016 Antoinette Gasongo akafanya hivyo Rio de Janeiro. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Ornella Havyarimana alipanda ulingoni kupigana ngumi. Wote watatu ni mabinti wa nchi moja, lakini sheria zimewagawa: mcheza judo hushika na kuangusha, wala hapigi, bondia hupiga, wala hashiki.

Mgawanyiko huu si wa asili. Kano Jigoro, aliyeanzisha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, alirithi ufundi wa kale wa jujutsu uliokuwa na mapigo na mikamato pamoja. Alitaka wanafunzi wake washindane kwa nguvu zao zote bila kuumizana. Kwa hiyo mapigo aliyaondoa katika mapambano huru, akayahifadhi katika mazoezi ya kupangwa. Mwaka 1922 yeye mwenyewe alimkaribisha Funakoshi Gichin wa Okinawa aonyeshe karate pale Kodokan. Mwanafunzi mmoja wa Funakoshi, Otsuka Hironori, aliyekuwa amebobea katika jujutsu, alichanganya elimu hizo mbili akaunda Wado-ryu.

Basi wanaochanganya mazoezi hayo leo, Bujumbura au kwingineko, hawazushi jambo geni, wanawakutanisha ndugu. Tuchukue mfano. Mwanafunzi anatupa ngumi kuelekea usoni. Mwenzake anainua mikono kujikinga. Papo hapo wa kwanza anamshika mkono, anampiga mtama, anamfuata chini na kumtia kabali. Aliyekabwa anapiga kofi mkekani, naye anaachiwa mara moja.

Sisi walimu wa Kiswahili tulitazame neno hilo, mtama. Je, ni pigo au ni mwereka? Mguu hupiga, mwili huanguka. Twasema "kupiga mtama" kama tusemavyo "kupiga ngumi", ijapokuwa shabaha yake ni kuangusha. Lugha yetu haikungoja sheria za mashindano ili kuyaunganisha mambo haya. Mkufunzi wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimeota mizizi, hana haja ya kuazima maneno ya mbali: ngumi, teke, mtama, mwereka na kabali yatamtosha kueleza zoezi zima.

Hata hivyo, hapana budi tuikumbuke sababu ya Kano. Hakutenganisha kwa kudharau mapigo, bali kwa kulinda maisha ya mwanafunzi. Anayeunganisha leo amebeba dhamana ile ile: kwanza mwanafunzi ajue kuanguka bila kuumia, kisha mapigo yawe ya polepole, kwa kiganja kilichofunguliwa, nguvu zije mwisho. Mkufunzi akiusahau utaratibu huo, atakuwa amerudisha mapigo na kuipoteza hekima iliyoyaondoa.