Elimu: Namna gani ordinatere inachora kurbi ya hesabu

Mwanafunzi wa sekondari anaandika fonksio ndani ya programu ya hesabu, na mara moja kurbi inaonekana kwenye kioo. Wengi wanafikiri mashine inaijua kurbi nzima. Hapana. Inahesabu pointi kadhaa tu, kisha inaziunganisha kwa mistari mifupi iliyonyooka. Swali ni hili: pointi ziwekwe wapi?

Nafasi sawa

Programu ya gnuplot, kama haikuambiwa vingine, inachukua pointi 100 zenye nafasi sawa. Ni kazi ya mbio. Lakini pale kurbi imenyooka, pointi nyingi zinapotea bure. Pale inakunja kona kali, hazitoshi.

Kufuata kona

Fikiria mtu anayechora barabara ya Bukavu–Uvira. Katika bonde la Ruzizi, pointi chache zinatosha. Kwenye miteremko ya Ngomo, kona ni nyingi, lazima pointi zikaribiane. Programu nyingine zinafanya vile vile:

1. Zinaanza na pointi chache.
2. Katikati ya pointi mbili, zinahesabu pointi mpya.
3. Kama iko karibu sana na mstari ulionyooka, zinaacha hapo.
4. Kama iko mbali, zinagawa kila nusu tena.

Kuna kikomo. Mathematica, kwa kawaida, inaanza na pointi 50 na inagawa hadi mara 6. Ni kusema, kipande kimoja kinaweza kuwa vipande 64.

Pale picha inadanganya

Chukua 1/x, kutoka -5 hadi 5. Programu isiyo makini inaunganisha pointi ya chini kabisa na ya juu kabisa. Mstari wima unatokea, wakati kwenye 0 ile fonksio haipo.

Chukua sin x, kutoka 0 hadi 200π, kwa pointi 101. Kila pointi inaanguka kwenye sufuri, na zile za katikati pia. Mashine inaona mstari wa kulala, kumbe kuna mawimbi 100! Ndiyo sababu programu zingine zinasogeza pointi kidogo kidogo, bila mpango.

Kwa finalisti

Kabla ya kunakili kurbi kwenye daftari, tafuta kwanza domeni na asimptoti kwa mkono. Kisha kuza picha, sehemu kwa sehemu. Kama sura inabadilika, usiamini ile ya kwanza.