Stima ya taa na stima ya kupikia: historia fupi ya mjadala wa bei

1/ Kila msimu wa kampeni mmoja anasema "tumewawekea stima", mwingine anajibu "lakini hailipiki". Wote wawili wanaweza kuwa sawa. Sitaji mtu wala chama.

2/ Tuanze 1908. Mfanyabiashara Jeevanjee ananunua jenereta ya Zanzibar na kuileta Mombasa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel anapewa haki ya kuuzia Nairobi stima. 1922 kampuni hizo mbili zinaungana: East African Power and Lighting. Waya zikafuata pesa. Kijijini ikabaki koroboi.

3/ Ruka hadi 2015, mradi wa Last Mile. Ukiwa ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, ada ya kuunganishwa inashuka kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Nyumba nyingi zikapata mita. Hilo ni kweli, tusilikatae.

4/ Sasa bei. Kuna kiwango nafuu cha wanaotumia stima kidogo. Kidogo ni ngapi? Ilikuwa yuniti 50 kwa mwezi. 2018 ikakatwa hadi 10, watu wakalalamika, ikapandishwa hadi 100 mwaka huohuo. 2023 ikashushwa hadi 30.

5/ Yuniti 30 zinafanya nini? Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Piga hesabu ya mwezi:
• Taa 4 za wati 10, saa 5 kwa siku: yuniti 6
• TV ya wati 60, saa 5 kwa siku: 9
• Pasi ya wati 1,000, saa 2 kwa wiki: kama 8
Jumla 23. Uko salama.

6/ Ongeza koili ya wati 1,000, saa moja tu kwa siku. Hiyo pekee ni yuniti 30. Umeshatoka kwenye bei nafuu. Chochote kinachotengeneza joto, iwe koili, birika au hita ya kuoga, ndicho kinachomaliza tokeni.

7/ Ndiyo maana kwetu taa zinawaka na mama bado anakohoa jikoni kwa moshi wa kuni. Kwa hesabu za serikali, sisi "tuna stima".

8/ Kwa hivyo akija kuomba kura, usimuulize tu ameunganisha nyumba ngapi. Muulize: ngapi zinaweza kuchemsha maharagwe kwa hiyo stima, na kiwango cha bei nafuu atakiweka yuniti ngapi?