Kabla Besi Haijasikika: Historia ya Ampu, Maboksi ya Spika na Migongo Iliyouma

Wadau, chukua bendi yoyote unayoipenda, halafu kwenye kichwa chako toa besi. Kinachobaki ni magitaa na dramu zinazogombana, na kiuno hakijui kianzie wapi. Sasa angalia picha za shoo hiyo hiyo. Mwimbaji yuko mbele, wa solo anatabasamu pembeni, na mpiga besi yuko kule nyuma karibu na dramu, nusu ya sura imekatwa. Nyuma yake kuna sanduku. Hilo sanduku lina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani, na ukiijua utaelewa kwa nini mpaka leo kuna vijana wanaunguza hela kununua wati nyingi halafu besi yao haisikiki ukumbini.

Kabla ya miaka ya 50 besi ilikuwa lile dude la mbao refu kuliko mpigaji mwenyewe, dabo besi. Kwenye bendi za jazz za Marekani lilipigwa kwa vidole mbele ya tarumbeta, saksafoni na dramu. Watu wa meza ya mbele walisikia kitu. Wa meza ya nyuma waliona tu mkono unatembea.

Jamaa mmoja New York, Everett Hull, naye mpiga besi, alichoka. Miaka ya 40 akabuni kinasa sauti kinachoingia kwenye ule mguu wa chuma ambao dabo besi inasimamia sakafuni, kikatuma sauti kwenye ampu. Kampuni yake ikaitwa Ampeg, jina lililotokana na mguu huo huo. Kumbuka jina hilo, litarudi.

Upande wa pili wa Marekani, Fullerton, California, fundi redio anayeitwa Leo Fender akaja na njia nyingine kabisa. Mwaka 1951 akatoa Precision Bass: besi bapa unayoivaa begani kama gitaa. Raha tupu, unapanda nayo basi. Ila haina tumbo la mbao la kutoa sauti, kwa hiyo bila ampu ni kama ubao wa kuchapatia. Ndio maana mwaka 1952 akatoa na ampu yake, Bassman. Wati 26 hivi, spika moja ya inchi 15. Wati 26! Leo kuna spika za bluetooth za kwenda nazo ufukweni zinazojisifu kuliko hapo.

Haikutosha. Katikati ya miaka ya 50 Bassman ikabadilishwa, ikawa na spika nne za inchi 10 na baadaye ikafika kama wati 40. Kilichofuata ni kituko: wapiga gitaa la kawaida wakaipenda wakaibeba. Ukiikoroga sana ilikuwa inakwaruza kwa utamu, na kwa mpiga solo huo ndio utamu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 60, mwenye duka la vyombo London, Jim Marshall, na mafundi wake wakaifungua Bassman, wakaichungulia, wakatengeneza ya kwao. Ndio mwanzo wa Marshall unazoziona kwenye kila video ya roki. Yaani ukoo mzima wa ampu za roki umetokana na ampu iliyotengenezwa kwa ajili ya besi, na mpiga besi mwenyewe akabaki hajapata alichokuwa anatafuta.

Kwa nini ilikuwa ngumu hivyo? Hapa vumilia kidogo, maana hapa ndipo hela za watu zinapopotelea.

Waya mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo likiwa hewani lina urefu wa mita 8 na zaidi, kupita urefu wa sebule nyingi za Sinza. Kusukuma wimbi refu hivyo unahitaji kusogeza hewa nyingi, na kinachosogeza hewa ni eneo la spika na umbali ambao ile koni inakwenda mbele na kurudi. Wati ni nguvu ya kusukuma tu. Ukiongeza wati kutoka 100 hadi 200, sauti inapanda desibeli 3, tofauti ambayo watu wengi ukumbini wataisikia kwa mbali sana. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati karibu mara 10. Soma tena hiyo. Ya 300 haitoi sauti mara tatu ya ile ya 100, hata haikaribii. Lakini chukua ampu yako ile ile, ongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza, na ampu iwe inaruhusu: utapata nguvu zaidi pamoja na eneo mara mbili. Hiyo utaisikia mpaka kifuani.

Wataalamu wa spika wana kitu wanakiita sheria ya chuma ya Hofmann. Kuna vitu vitatu: boksi dogo, besi inayoshuka chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache. Chagua viwili. Cha tatu husahau. Historia yote iliyobaki ni watu wakijaribu kuipiga chenga sheria hiyo.

Mwaka 1960 Ampeg walichagua boksi la kubebeka. Wakatoa B-15 Portaflex, wati 25, spika moja ya inchi 15, na ujanja mmoja mtamu: ampu imefungwa kwenye mfuniko, shoo ikiisha unaipindua inalala ndani ya boksi, unafunga, unasepa. James Jamerson, yule wa besi za Motown, ni mmoja wa waliohusishwa sana nayo. Kwa klabu ndogo mpaka leo wapo wanaoapa hakuna sauti tamu kama ile. Ila Hull mwenyewe hakuipenda roki, hakutaka ampu zake zikwaruze. Alitaka sauti safi ya jazz. Dunia haikumsubiri.

Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Jukwaani walikuwa na ampu za Vox za wati 100 kila mmoja, kubwa kwa wakati ule, na sauti za kuimba zilitoka kwenye spika za uwanja zile za kutangazia mechi ya besiboli. Mashabiki walipiga mayowe tu, na wanamuziki wenyewe walikuwa hawajisikii. Pale ikawa wazi kwamba umati umekua haraka kuliko vyombo.

Jibu likaja 1969, na likaja likiwa zito. Hull alikuwa ameshaiuza Ampeg, waliobaki wakatoa SVT: wati 300, valvu 14 ndani, kichwa peke yake karibu kilo 40. Spika za wakati ule zisingeweza kubeba moto wote huo, kwa hiyo kichwa kimoja kilipangiwa maboksi mawili, kila moja na spika nane za inchi 10. Rolling Stones wakaondoka nazo kwenye ziara yao ya Marekani mwaka huo huo, zikiwa bado za majaribio.

Boksi lile la spika nane wapigaji waliliita friji, na ukilisogeza utajua kwa nini. Toleo linalouzwa miaka hii lina kama kilo 63. Lina magurudumu na kishikio nyuma, unalilaza kama mkokoteni wa sokoni. Lakini hesabu yake ni tamu: spika nane za inchi 10 zina eneo sawa na spika tatu na nusu za inchi 15. Inchi 10 ni nyepesi, inajibu haraka, na zikiwa nane zinasukuma hewa kwa pamoja kama watu nane wanasukuma gari bovu. Hapo sheria ya Hofmann iliheshimiwa. Sauti kubwa, sawa. Besi nzito, sawa. Udogo, sahau.

Wengine walipita njia tofauti. Acoustic 360 ya Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 60, ilikuwa na wati 200 za transista na spika ya inchi 18 iliyogeuzwa ikatazama ndani, sauti inazunguka kwenye kona za mbao kabla ya kutoka. Jaco Pastorius alitamba nayo. Sauti yake ilijulikana kwa kufika mbali, huku mpigaji aliyesimama mbele yake anajiuliza mbona hajisikii vizuri. Mwaka 1984 akaja Steve Rabe na kampuni ya SWR. Boksi lao la Goliath lilikuwa na spika nne za inchi 10 pamoja na twita. Twita ya spika, sio ile ya Elon. Wakati huo wapiga besi walikuwa wanachapa nyuzi kwa dole gumba na walitaka ule mlio wa juu usikike. Spika nne za inchi 10 na twita ikawa kama sare ya kazi, na bado ni sare.

Sasa njoo Dar, maana historia ya huku ina msumari wake. Zama za bendi za dansi, miaka ya 70 na 80, wanamuziki wengi hawakumiliki vyombo. Vyombo vilikuwa vya jumuiya, vya shirika la umma au vya tajiri mwenye bendi. Mlimani Park ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Kwa hiyo swali la ampu gani na boksi gani halikuwa la mpiga besi hata kidogo. Lilikuwa la mwenye vyombo, na mwenye vyombo ndiye aliyeshika kamba. Mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja aliwavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo kwenda kuanzisha bendi yake mpya. Mastaa walihama bendi kwa bendi, mara nyingi kwa ahadi ya vyombo vipya na maslahi mazuri. Watu wanadhani ugomvi wa bendi za zamani ulikuwa wa majina na wanawake. Ukichunguza, sehemu kubwa ilikuwa nani ana spika.

Leo mambo yamegeuka. Kijana wa bendi ya hoteli au wa kanisani ananunua mwenyewe, kwa hela yake, mara nyingine kwa mkopo wa kikoba. Uhuru huo una bei, maana akikosea hakuna shirika la kumfidia.

Vilivyopo sokoni vingekuwa ndoto kwa watu wa 1969. Ampu za klasi D zinatoa wati 500 zikiwa na kilo 2 hivi, zinaingia kwenye begi la laptop. Spika za sumaku ya neodimiamu zimepunguza boksi karibu nusu ya uzito wa zamani. Ila angalia ujanja ulipo: umeme ndio umepungua kilo, hewa haijapungua. Wimbi bado ni mita 8. Kichwa kidogo cha wati 500 juu ya boksi dogo lenye spika moja hafifu bado ni spika moja hafifu.

Kwa hiyo mtu anayeanza anauliza kwanza anapiga wapi. Kama ni baa isiyo na muziki mkubwa, ampu yake ndiyo inalisha ukumbi mzima, na hapo spika nne za inchi 10 au zaidi ndio usalama. Kama ni jukwaa lenye sabufa za kueleweka, waya unatoka kwenye ampu kwenda kwa fundi mitambo, na boksi la jukwaani ni la kujisikia yeye na mpiga dramu tu. Kubeba friji kwenda huko ni kuumiza mgongo bure.

Chaguo ambalo wazoefu wengi wanaliegemea ni maboksi mawili madogo, kila moja spika mbili za inchi 10, omu 8. Shoo ndogo unabeba moja, linaingia kwenye bajaji. Shoo kubwa unabeba yote mawili, ukiyaunganisha sambamba yanakuwa omu 4, na hapo ampu nyingi za kisasa ndipo zinatoa wati zote zilizoandikwa. Watu wa inchi 15 watakuja kwenye komenti na moto wao, waje tu. Lakini usinunue mawili ya omu 4: pamoja ni omu 2, na ampu nyingi zitajizima au kuungua. Za valvu ni kali zaidi, ukiiwasha bila spika unaweza kuua transfoma yake. Na waya wa gitaa usiutumie kwenda kwenye spika, ni mwembamba, utapata moto. Upo wa spika, nunua huo.

Halafu ile namba ya PMPO iliyobandikwa kwa herufi za dhahabu, achana nayo, ni ya kuuzia sabufa za sebuleni. Tafuta RMS. Pembeni yake angalia desibeli ambazo boksi linatoa kwa wati moja: boksi la desibeli 100 kwa wati 100 linakwenda sawa na la 97 kwa wati 200. Namba hiyo haikuandikwa kwa dhahabu, mara nyingi iko nyuma kwa maandishi madogo.

Na siku ya kununua nenda na besi yako mwenyewe na mtu wa kuongozana naye. Mpe apige waya mnene huku wewe ukirudi nyuma hatua kumi, mpaka nje ya mlango wa duka kama ni duka dogo. Karibu na boksi kila ampu ni tamu.