Richard Williams: Mchoraji aliyeitumikia filamu moja kwa miaka 28

Richard Williams, mmoja wa magwiji wa filamu za katuni zilizochorwa kwa mkono nchini Uingereza, alifariki dunia mjini Bristol tarehe 16 Agosti 2019, akiwa na umri wa miaka 86.

Williams alizaliwa Toronto, Canada, mwaka 1933, akahamia London katika miaka ya 1950. Filamu yake ya kwanza, The Little Island, iliyotoka mwaka 1958, ilimpatia tuzo ya BAFTA. Mwaka 1971 alitengeneza A Christmas Carol, kutokana na hadithi ya Charles Dickens, nayo ikamletea tuzo ya kwanza ya Oscar.

Hata hivyo, moyo wake ulikuwa kwenye kazi nyingine. Baada ya kuchora picha za vitabu vya visa vya Mulla Nasruddin, ambaye vituko vyake vinakumbusha vile vya Abunuwasi, alianza mwaka 1964 filamu iliyokuja kuitwa The Thief and the Cobbler, yaani Mwizi na Mshona Viatu. Wachoraji wengi hutosheka na michoro 12 kwa kila sekunde, kila mmoja ukipigwa picha mara mbili. Williams alitaka michoro 24. Gharama zake alizilipa kwa kutengeneza matangazo ya biashara, na aliwaalika London wachoraji wakongwe wa Marekani, akiwemo Ken Harris, ili wamfundishe yeye na vijana wake.

Mwaka 1988 aliongoza uchoraji wa katuni katika Who Framed Roger Rabbit, filamu iliyowachanganya waigizaji halisi na vibonzo. Ilimpa tuzo mbili za Oscar, na hatimaye wafadhili wa filamu yake wakajitokeza. Lakini ukamilifu aliousaka ulikula muda. Tarehe ya makubaliano ilipita, na mwaka 1992 kampuni iliyodhamini ukamilishaji wa filamu hiyo ikamnyang'anya kazi. Wengine waliimalizia kwa haraka, wakaongeza nyimbo. Katika toleo lililoonyeshwa Marekani mwaka 1995, hata mwizi na mshona viatu, ambao Williams aliwakusudia wawe kimya, walipewa sauti.

Pigo hilo halikumwondoa kwenye fani. Aligeukia ualimu, na mwaka 2001 alichapisha The Animator's Survival Kit, kitabu kinachotumiwa hadi leo hata na wanaotengeneza katuni kwa kompyuta, kwa kuwa mwendo wa mtu anayetembea na uzito wa mwili wake haubadiliki kwa kubadili chombo.

Mwaka 2015 alitoa Prologue, filamu ya dakika 6 kuhusu mapigano ya wapiganaji wa Athens na Sparta yanayoshuhudiwa na msichana mdogo. Aliichora kwa penseli kwenye karatasi. Iliteuliwa kuwania Oscar alipokuwa na umri wa miaka 82.